Taa Iliyonikonyeza

Ukipita njia ya kutoka mjini Bondo kuelekea Usenge saa moja za jioni, utaona madirisha yakiwaka pande zote mbili. Nilipoanza shule hayakuwa hivyo. Kwetu tulisomea koroboi, na asubuhi ukipenga kamasi zilitoka nyeusi. Stima ilitufikia kupitia ule mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015, ambapo ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mama aliilipa kidogo kidogo kwa pesa za omena. Hadi leo huipangusa balbu ya sebuleni kila Jumamosi, hata kama haina vumbi.

Sasa, muhula wa pili mwaka huu balbu hiyo ilianza kupepesa. Ilipepesa mithili ya jicho lililoingiwa na mchanga. Inafifia, inarudi, inafifia tena. Sisi wanafunzi wa kutwa hatuna maandalio ya usiku shuleni, kwa hivyo meza ya sebuleni ndiyo darasa langu mimi na dada yangu mdogo. Usiku mmoja alifunga kitabu akalia, ati macho yanamwuma.

"Ni ile mashine," Mama akasema.

Jirani yetu ni mzee mwenye mashine ya kusaga unga inayoendeshwa na stima. Mashine ikinguruma jioni, taa yetu nayo hukonyeza. Ushahidi gani mwingine ulihitajika? Mama alimwendea sokoni, mbele ya watu, akamwambia anatunyonya stima yetu. Mzee alivua kofia, akasema polepole, "Nyar Alego, mashine yangu ni ile ile ya miaka yote." Basi. Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo tulihama. Mahindi yetu nikawa nayapeleka kwa baiskeli hadi mashine nyingine ya mbali, mlima kupanda na mlima kushuka. Na huyo ndiye mzee aliyetusagia kwa mkopo mwaka mzima Baba alipolazwa hospitalini. Nikipita mlangoni pake na gunia nilikuwa nikiangalia upande wa pili.

Kusema kweli nilitaka sana awe yeye. Lakini mwalimu wetu wa fizikia ametuzoeza kujaribu jambo moja moja, nikaanza. Nilibadilisha balbu na ile ya chumbani. Ya chumbani ikapepesa sebuleni, na ya sebuleni ikatulia chumbani. Kwa hivyo balbu haikuwa na kosa. Nilizima swichi kuu nikaikaza balbu vizuri katika kishikilio chake. Wapi! Kisha jioni nilisimama uani mashine ikinguruma, nikatazama nyumba za majirani. Mota kubwa ikianza huvuta mkondo mwingi kwa ghafla, na taa za laini hiyo zaweza kufifia, lakini hufifia kwa wote na kwa muda mfupi tu. Taa za majirani zilitulia tuli. Yetu peke yake ndiyo iliyokuwa ikicheza.

Halafu ikaja Jumapili. Mashine ilikuwa imefungwa, mzee yuko kanisani, na taa ikapepesa kupita siku zote. Dada yangu alipiga kelele kutoka sebuleni, "Imeanza tena!" Mimi nilikuwa katika simba yangu nikipiga pasi sare ya Jumatatu.

Nilisimama na pasi mkononi. Jasho jembamba likanitoka.

Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha wangu tangu Aprili. Nilipopewa simba, niliona aibu kukaa gizani hali nyumba ya Mama inawaka. Siku Mama alipokwenda Kisumu, nilipanda darini, nikakata waya wa taa ya sebuleni, nikasokota ncha na waya mwingine wa kuelekea kwangu, nikazifunga kwa selotepu ya kufungia vitabu. Stima ikawaka simbani, nikajiita injinia. Mama alipouliza nilimwambia rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa ufundi, ndiye aliyenifungia. Uongo mtupu.

Kidato cha tatu tunasoma juu ya joto linaloletwa na mkondo wa umeme. Nilikuwa nimeikariri kanuni kama kasuku: joto hutegemea ukinzani, na mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Waya zilizosokotwa ovyo hugusana padogo, na hapo padogo ukinzani hupanda. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 240 huvuta zaidi ya ampia nne, na zote zilikuwa zikipita kwenye msokoto wangu. Unapata moto, unalegea, mguso unakatika na kurudi, taa inapepesa. Ukilegea unapata moto zaidi. Katika mtihani nilipata alama zote za swali hilo, wacha tu.

Nilizima swichi kuu, nikapanda na tochi. Selotepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama gundi ya kahawia. Ngozi ya waya ilikuwa imekauka na kupasuka, shaba imekuwa nyeusi. Ubao uliokuwa chini yake ulikuwa na doa la kuungua, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Chini ya ubao huo ndipo dada yangu hutandika godoro lake.

Nilimweleza Mama usiku huo huo. Nilitarajia fimbo. Aliketi kimya mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Wuoda, ulinyamaza nikimtukana mzee wa watu?"

Fundi aliyesajiliwa alikuja kutoka mjini, akang'oa waya wangu wote, akaunga ule wa sebuleni kwa viunganishi vya skrubu ndani ya kisanduku. Aliuliza, "Nani alifunga hii?" Nikainua mkono kama niko darasani. Malipo yake yalikula omena za siku tatu.

Asubuhi Mama alinipimia magorogoro mawili ya mahindi, akanielekeza kwa mkono tu. Nilimkuta mzee akifagia pumba. Nilisema yote, mbele ya wanawake wanne waliokuwa kwenye foleni. Aliendelea kufagia hadi mlangoni. Kisha akamimina mahindi yangu kwenye mashine.

"Na simba yako sasa inawaka nini?"

"Koroboi, Mzee."

Alicheka kidogo, akawasha mota, akanisagia. Akanitoza bei kamili.