Siku Niliyocheza Gofu St Andrews

Wanafunzi wangu huniuliza mara nyingi habari za mwaka ule niliokaa Scotland. Leo nitawasimulia habari za siku moja tu, nayo ni siku niliyocheza gofu katika uwanja wa kale wa mji wa St Andrews.

Labda utashangaa, ewe msomaji, kusikia kwamba mwalimu wa shule aujua mchezo wa matajiri. Nilipokuwa mtoto, kwetu palikuwa na uwanja wa gofu. Siku za likizo nalichukua mikoba ya wachezaji, nikapata fedha za kununua madaftari. Siku za Jumatatu, uwanja ulipokuwa mtupu, sisi wachukuzi twaliruhusiwa kucheza, na hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Mchezo wenyewe ni huu. Mchezaji ana fimbo zake, zisizozidi 14, na mpira mdogo mgumu, ambao uzito wake hauzidi gramu 46. Huupiga mpaka uingie katika shimo ambalo upana wake ni milimita 108 tu. Mashimo ni 18, nayo yako mbali mbali. Mwenye kupiga mara chache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Hakuna mwamuzi wa kumfuata kila mchezaji. Kila mtu hujihesabia mapigo yake mwenyewe. Shika sana neno hili, maana ndilo jambo la habari yangu.

Watu wa Scotland wameupenda mchezo huu tangu zamani sana. Katika mwaka 1457 baraza la mfalme wao liliukataza, kwa kuwa vijana waliacha kujizoeza kupiga mishale kwa ajili ya vita. Walakini mchezo haukufa. Uwanja wa St Andrews ulikuwa na mashimo 22. Katika mwaka 1764 yakapunguzwa yakawa 18, na leo nchi zote hufuata hesabu hiyo. Kucheza huko wakati wa kiangazi kwagharimu zaidi ya pauni 300, na tena wengi hungoja kupigiwa kura ndipo wapate nafasi. Hata hivyo nchi ile si mali ya tajiri mmoja, bali ni mali ya umma. Siku ya Jumapili mchezo husimama, isipokuwa mara chache kwa ajili ya mashindano makubwa, na wenyeji hutembea humo pamoja na watoto na mbwa wao.

Mwenyeji wangu, mzee mwema, alitia majina yetu katika kura, nayo yakatoka. Akanilipia gharama yote. Nami kwa furaha nikawaandikia barua wanafunzi wangu wa darasa la saba, nikajisifu, nikisema, "Nitamaliza mashimo yote kwa mapigo yasiyofika 100. Ngojeni mwone!"

Siku ilipofika, upepo wa bahari ulivuma kwa nguvu. Uwanjani mna mashimo ya mchanga 112, mengine marefu kuliko kimo cha mtu. Mara mbili naliingia humo, nikapiga, nikapiga tena, na mchanga ukanijaa machoni. Lakini nalijikaza, hata tulipokwisha shimo la kumi na sita nalikuwa na mapigo 88. Nikaona kwamba neno langu litatimia.

Katika shimo la kumi na saba mpira wangu uliangukia majani marefu. Wenzangu walikuwa mbele, wamenipa kisogo. Nikaiweka fimbo nyuma ya mpira ili nijitayarishe kupiga, na mara mpira ukajongea, kadiri ya upana wa vidole viwili. Sheria yasema kwamba mwenye kufanya hivyo aurudishe mpira mahali pake, akajihesabie pigo moja zaidi.

Nalitazama huku na huku. Hapana aliyeona. Moyo ukaniambia, "Ni vidole viwili tu. Nawe umekwisha waahidi watoto." Fimbo yangu ilikuwa imeinuka tayari. Ndipo nikawakumbuka watoto wale wale, jinsi ninavyosimama mbele yao siku ya mtihani nikiwaambia kwamba aibaye jibu moja ni mwivi kama aibaye kumi. Nikaishusha fimbo. Nikamwita mwenyeji wangu, nikamwambia yaliyotukia, nikaurudisha mpira.

Akasema, "Mwalimu, mimi sikuona kitu."

Nikamjibu, "Mimi naliona, Bwana. Tafadhali andika."

Akaandika. Shimo lile likanigharimu mapigo 7. Kisha tukaingia shimo la mwisho, tukavuka daraja dogo la mawe, ambalo lina umri wa miaka mamia. Nikapiga mara 5. Jumla yake ilikuwa 100 kamili. Kama ningalinyamaza, ingalikuwa 99.

Usiku ule nikaandika barua ya pili. Haikuwa rahisi kuiandika, maana aliyejisifu huona haya kusema kwamba ameshindwa. Nikawaeleza yote, hata habari za vidole viwili.

Nilirudi kwetu mwaka ulipokwisha. Baada ya mtihani wa hesabu, mvulana mmoja alikuja mezani pangu na karatasi yake mkononi. Alikuwa amepata alama 50, nazo ndizo zilizotakiwa ili afaulu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umenihesabia moja zaidi. Jibu la tisa si sahihi."

Nikaitazama karatasi, nikaona kwamba asema kweli. Nikaandika 49. Mkono wangu ulikuwa mzito, lakini yeye alisimama wima. Muhula uliofuata alifanya mtihani tena, akafaulu kwa alama zake mwenyewe.