Tangu Bodi Zianze Kujitaja

Bodi za Raspberry Pi zilipoanza kuingia karakanani kwetu Morogoro, tulizitambua kwa macho. Zote ziliitwa Model B, zote saizi ya kadi ya benki, na wauzaji waliziuza kama kitu kimoja. Hazikuwa kitu kimoja. Toleo la Februari 2012 halikuwa na tundu la skrubu hata moja, na lililofuata mwaka uleule lilikuwa na mawili. Kwa fundi aliyeunga kipimajoto kwenye pini ya 3 na ya 5, matundu hayo yalikuwa habari kubwa, kwa sababu pini zilezile zilikuwa zimehamishwa kutoka njia ya mawasiliano ya I2C namba 0 kwenda namba 1. Programu iliyosoma joto vizuri kwenye bodi moja ilikaa kimya kwenye nyingine, ilhali waya ni mzima na kipimajoto ni kizima.

Kusoma jina la chipu hakukusaidia. Kumbukumbu ilikuwa imebandikwa juu ya prosesa, hivyo jina ulilolisoma lilikuwa la mtengenezaji wa kumbukumbu, na prosesa ya Broadcom imefunikwa chini yake.

Tukaanza kuiuliza bodi yenyewe. Ndani ya faili la /proc/cpuinfo kuna mstari wa Revision, na ukutani tulibandika jedwali la kuutafsiri: 0002 na 0003 ni toleo la kwanza, 0004 hadi 0006 ni la pili, 000d hadi 000f ni lenye megabaiti 512. Namba hizo hazikubeba maana yoyote ndani yake, zilifuatana tu kama tiketi za foleni. Kila bodi mpya ilipotoka, jedwali lilipitwa na wakati, na kila programu iliyolinakili ikapitwa nalo. Tena, bodi iliyowahi kuongezewa volti kupita kiasi ilibaki na alama: 0003 ikasomeka 1000003, na programu iliyotafuta tarakimu nne pekee haikuijua.

Mwaka 2015 ikaja Pi 2, na pamoja nayo utaratibu ambao hadi leo naupenda kwa dhati. Chukua a02082. Herufi ya kwanza inakupa ukubwa wa kumbukumbu: a ni gigabaiti 1, b ni 2, c ni 4. Sifuri inayofuata ni kiwanda, Sony cha Uingereza. Ile 2 ni prosesa, BCM2837. Kisha 08 ni Pi 3 Model B, na 2 ya mwisho ni toleo 1.2. Namba sasa inajieleza, na bodi ambayo hujawahi kuiona unaweza kuisoma sehemu kubwa bila jedwali jipya. Hata tarakimu moja ina uzito: Pi 4 za mwanzo, za 2019, hazikupokea umeme kutoka kwa baadhi ya nyaya za USB-C, na toleo 1.2 likaondoa kasoro hiyo. Ukisoma c03111 au c03112 unajua uliyonayo ni ipi.

Mstari wa Hardware katika faili lilelile ni wa kuuepuka. Kwa miaka kadhaa uliandika BCM2835 hata kwenye Pi 3, ambayo prosesa yake siyo hiyo.

Jina kamili lilikuja kwa njia nyingine. Vifaa vingi vilivyomo ndani ya chipu za ARM havijitangazi kama vya kompyuta ya mezani, kwa hiyo maelezo ya kila bodi yaliandikwa ndani ya Linux yenyewe hadi yakarundikana. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulalamikia mrundikano huo waziwazi, na maelezo yakahamishiwa kwenye faili la pembeni linaloitwa mti wa vifaa. Leo ukifungua /proc/device-tree/model unajibiwa kwa maneno: Raspberry Pi 3 Model B Rev 1.2.

Bodi iliyokufa, hata hivyo, haifungui faili lolote, na hizo ndizo huletwa kwa fundi. Kwa hiyo nilifurahi kuona Pi 5 ya 2023 imechapishwa saizi za kumbukumbu juu ya bodi, na kirezista kidogo kimewekwa kando ya ile iliyomo. Mwanafunzi anaisoma kwa kioo cha kukuzia kabla hajagusa waya wa umeme.