Orodha Isiyokuwa na Jina Langu

Wahenga walilonga kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mwiba wangu niliudharau hadharani, tena kwa maandishi, kwenye ubao wa matangazo ulio mkabala na bwalo la chakula, shule nzima ikisoma. Jinsi tende lilivyoota nitawasimulia, wenzangu wapenzi, kwa kuwa wengi wenu mliyaona matokeo lakini hamkujua chanzo.

Chanzo ni orodha. Mnamo Mei 2025, muhula wa pili ukiwa bado mbichi, orodha ya wachezaji 18 wa timu ya shule ilibandikwa. Tangu Kidato cha Pili nilikuwa kipa wa akiba. Nikajipenyeza katikati ya msongamano, nikaisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kama mtu anayetafuta shilingi aliyoiangusha. Jina langu halikuwamo. Mahali pangu palikuwa na jina la jirani yangu wa dawati, kijana ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akituokotea mipira nyuma ya goli!

"Pole, bwana," akaniambia jioni ile. "Hata mimi sikutarajia."

"Hakuna neno," nikajibu. Lakini neno lilikuwapo. Lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki mbili baadaye kipa wa kwanza aliteguka kifundo cha mkono, na jirani yangu akawa ndiye tegemeo. Akaniomba tushuke uwanjani baada ya masomo nimpigie penalti kidogo. Nikamwambia nina Hesabu za kumaliza. Akaniomba tena, nikasema kichwa kinaniuma. Mara ya tatu hakuniomba. Mwezi wa Juni timu yetu ikatolewa mashindanoni kwa mikwaju ya penalti. Mara nne aliruka kushoto, na mara tatu mpira ukaenda kulia. Nilikuwa miongoni mwa mashabiki kando ya uwanja na, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi.

Ikafika Julai. Gumzo bwenini, darasani na hata kwenye foleni ya githeri lilikuwa moja tu: michuano ya CHAN, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zinaiandaa kwa pamoja mwezi wa Agosti. Kwa wasiofuata kandanda, CHAN haikuwa Kombe la Mataifa ya Afrika lile tulizoea. Humu waliruhusiwa tu wachezaji waliosakata gozi katika ligi za nchi zao. Nyota aliyecheza Ulaya hakuwa na nafasi. Hata aliyevuka mpaka wa Namanga hakuwa nayo! Mohammed Bajaber wa Kenya Police aliposajiliwa na Simba ya Dar es Salaam siku chache kabla ya michuano, aliondolewa kikosini papo hapo.

Mwalimu mlezi wa chama chetu akatafuta mtu wa kuandika ukurasa wa michezo, achambue vikosi vya Kundi A kabla ya shule kufungwa. Nikanyosha mkono. Nilikuwa nimesoma magazeti yote ya maktabani, na taarifa za jioni nilizisikiliza kwenye redio ya mpishi wetu jikoni. Nikatwaa kalamu, nikaandika.

Nilianza na Morocco. Nikaeleza kwamba wametwaa kombe hili mara mbili mfululizo, lile la 2018 na lile la 2020 ambalo lilichezwa 2021 kwa sababu ya korona. Nikakumbusha kwamba michuano ya 2018 ilikuwa ifanyike hapa kwetu, lakini mwaka 2017 CAF ikaipokonya Kenya uenyeji kwa sababu maandalizi yalichelewa. Morocco wakaipokea na kombe wakabaki nalo. Nikataja RS Berkane, klabu yao iliyoibwaga Simba katika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025, na mshambuliaji wake Oussama Lamlioui, nikionya kwamba huyo ni wa kuchungwa.

Nikaja kwa Kongo, mabingwa wa kwanza kabisa wa CHAN mwaka 2009, na tena 2016 kule Rwanda. Nikaja kwa Angola, waliofika fainali ya 2011 wakashindwa na Tunisia. Nikaja kwa Zambia, ambao mwaka 2012 walikuwa mabingwa wa Afrika nzima. Kila timu nikaipa aya yake nzuri.

Kisha nikaja kwa Kenya. Nikaandika hivi: "Hawa hawajawahi kucheza CHAN. Wameingia kwa sababu ni wenyeji. Watamaliza wa mwisho." Basi. Nikaweka nukta.

Lahaula! Kabla ya kengele ya chakula cha mchana mtu alikuwa amechora neno MSALITI juu ya karatasi yangu kwa kalamu nyekundu. Bwaloni nilizingirwa.

"Wewe ni Mkenya kweli?"

"Mimi nimetumia akili, nyinyi mnatumia moyo," nikajitetea.

"Hujui mpira! Wakimaliza wa mwisho nakununulia mandazi kumi. Wasipomaliza wa mwisho, wewe unanunua."

"Sawa, andika!"

Jioni mwalimu mlezi aliniita. Nilidhani atanisifu kwa lugha, maana nilikuwa nimejitahidi. Alikuwa ameibandua ile karatasi na kuiweka mezani.

"Kijana, timu nne umezipima," akasema. "Hii ya tano umeihukumu. Umemtaja mchezaji gani wa Kenya?"

Nikaangalia. "Hakuna, Mwalimu."

"Majina huyajui?"

"Nayajua, Mwalimu."

"Basi hapa hukuandika juu ya timu. Uliandika juu ya nini?"

Sikuwa na jibu, au nilikuwa nalo ila halikuweza kusemwa ofisini. Akanirudishia karatasi bila kuongeza neno.

Shule ikafungwa. Nyumbani hatuna televisheni, kwa hiyo mechi nilizitazama katika hoteli ya sokoni, ambako ukinunua chai unapewa kiti hadi filimbi ya mwisho. Tarehe 3 Agosti Kenya wakafungua na Kongo huko Kasarani. Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza Austin Odhiambo wa Gor Mahia akautia mpira wavuni. Ikaisha 1-0. Nikajiambia, ni bahati. Tarehe 7 Angola wakatangulia kufunga. Odhiambo akasawazisha kwa penalti, kisha Kenya wakabaki watu kumi mapema, lakini wakakaza hadi mwisho, 1-1. Nikajiambia, ngoja Morocco waje.

Jumapili ya tarehe 10 wakaja. Nilifika mapema, hivyo nikawaona makipa wakipasha misuli moto. Jambo hili watu wengi huwa hawalitazami, kwa kuwa wanangoja mechi. Kipa wa kwanza yumo golini. Wenzake wa akiba wanampigia mipira, wa chini, wa juu, wa pembeni, mmoja baada ya mwingine. Wanajua kwamba pengine hawatacheza hata dakika moja. Hata hivyo wanapiga, tena kwa bidii, ili yule aliyewazidi nafasi awe tayari. Chai yangu ikapoa mkononi. Nilikumbuka zile Hesabu zangu, na kile kichwa kilichokuwa kikiuma kila jioni.

Dakika ya 42 Ryan Ogam akafunga. Hoteli ikalipuka, vikombe vikaanguka! Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa furaha, "Kijana, huyu Ogam ni wa timu gani?"

Nilimjua. Nilikuwa nimemsoma mara nyingi katika orodha ya kikosi. Lakini kwa vile nilikataa kumwandika, hata jina la klabu yake halikunijia mdomoni.

"Ni wa Tusker, Mzee," akajibu mvulana aliyekuwa akipanguza meza, mdogo kwangu kwa miaka kama mitatu.

Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akalishwa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili wakawa kumi dhidi ya mabingwa wa mara mbili, Byrne Omondi yumo langoni, na bado 1-0 haikubadilika. Tarehe 17 wakaifunga Zambia 1-0, Ogam tena. Timu niliyoiandikia nafasi ya mwisho ikaongoza kundi kwa pointi 10, Morocco wa pili kwa pointi 9.

Robo fainali ilikuwa Ijumaa ya tarehe 22, dhidi ya Madagascar. Alphonce Omija akatufungia mapema katika kipindi cha pili, Madagascar wakasawazisha kwa penalti. Dakika 120 zikaisha 1-1. Ikaja mikwaju. Tulishindwa 4-3.

Hakuna aliyezungumza. Mwenye hoteli alizima televisheni, na watu wakatoka mmoja mmoja kama wanaotoka matangani. Mimi nikabaki kitini. Sikumwaza McCarthy, kocha wetu, wala kombe. Nilimwaza kijana mmoja aliyeruka kushoto mara nne mwezi wa Juni, ambaye aliomba msaada mara mbili kwa mtu mmoja tu shuleni aliyejua kazi ya kipa, na mtu huyo akamnyima.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nililipa mandazi kumi, na yalinunuliwa mbele ya mashahidi. Wapo waliokuja kunipongeza pia, kwa sababu Morocco walitwaa kombe kwa kuifunga Madagascar 3-2 pale Kasarani tarehe 30, naye Lamlioui akaibuka mfungaji bora kwa mabao sita. "Si ulisema, bwana!" Ni kweli nilisema. Utabiri ule ulitimia kwa kuwa Morocco hawakuwa wameninyima chochote.

Mwaka 2023 nchi zetu tatu zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ubao wa matangazo hautakosa mwandishi wa kuchambua vikosi. Kwake yeye nina ushauri mmoja. Kabla hujaandika kwamba timu fulani ni dhaifu, wataje kwanza wachezaji wake kwa majina, mmoja mmoja. Ukishindwa kuyaandika, weka kalamu chini, uulize moyo wako una nini.

Siku ile ile ya mandazi, baada ya masomo, nilimkuta jirani yangu wa dawati akifunga kamba za viatu.

"Unaenda wapi?" akaniuliza aliponiona na mpira kwapani.

"Uwanjani. Leo sina Hesabu."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani atakataa, na haki angekuwa nayo. Kisha akainuka. Nilimpigia mikwaju arobaini jioni ile, ishirini kushoto na ishirini kulia, bila kumwambia upi unakuja wapi. Aliokoa kumi na mmoja. Tulipokuwa tukirudi bwenini akasema, "Ule wa mwisho nusura niudake."

"Kesho utaudaka," nikamwambia.