Kabla ya Kupandikiza, Tulimwambia Mama

Sisi ni mke na mume, wakazi wa Mbeya. Tuna miaka 9 katika ndoa na bado hatujajaliwa mtoto. Tunaandika haya tukiwa Iringa, nyumbani kwa mama mzazi wa mume. Kesho alfajiri tunapanda basi kwenda Dar es Salaam, na keshokutwa daktari atapandikiza kiinitete chetu katika mji wa mimba.

Mayai ya mke yalitolewa miezi 3 iliyopita. Kwa kuwa mbegu za mume zilikuwa chache na zenye mwendo hafifu, kila yai liliingiziwa mbegu moja kwa sindano nyembamba sana. Viinitete 2 vilifika siku ya 5 vikiwa salama, vikagandishwa katika nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Sisi tunaoijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa Juni, hiyo hatuwezi hata kuifikiria.

Mke amemeza vidonge vya estrojeni ili utando wa ndani ya mji wa mimba unenepe. Altrasaundi ilionyesha milimita 8, daktari akaridhika. Kisha ikaanza projesteroni, siku 5 kabla ya kupandikiza, ili utando ulingane na umri wa kiinitete. Mume ndiye mshika saa wa dawa. Siku yenyewe mke atakunywa maji kibofu kijae, daktari apate kuona vizuri. Tumekubaliana kipandikizwe kimoja tu, kwa sababu mimba ya mapacha huongeza hatari ya watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Fedha tulizipata kwa kuuza ekari ya misindano tuliyoipanda Mafinga tukiwa wachumba.

Tunajua kwamba Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa 1987, halikubali njia hii. Hatuandiki ili kubishana na wenzetu. Sisi tuliomba kwanza, tukaongea na mchungaji wetu, ndipo tukaamua.

Lakini lilibaki jambo moja lisilo na kidonge. Miaka yote hiyo tulimwacha mama aamini kwamba kasoro ni ya mke. Kila tulipomtembelea alimchemshia mkwewe mizizi michungu, naye mke aliinywa. Mume aliona haya kusema, na mke aliona afadhali amsitiri mumewe. Tuliita hiyo heshima. Katika 1 Samweli tunasoma jinsi Eli alivyomdhania Hana kuwa mlevi, kumbe ana uchungu wa moyo. Eli hakujua. Sisi tulijua.

Safari hii daktari amekataza dawa yoyote asiyoiandika yeye. Jana jioni, baada ya kula wali wa Kyela tuliokuja nao, mama alileta kikombe cha mizizi. Mume akapiga magoti. "Mama, mkweo hana kasoro. Ni mimi."

Mama alikaa kimya, chai yake ikapoa. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto atakuwa wa nani?" Tukamweleza kwamba yai ni la mke na mbegu ni ya mume, hakuna mtu wa tatu. Akauliza kama watoto wa namna hiyo hukua. Tukamsimulia Louise Brown, wa kwanza duniani, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, naye akajifungua mtoto wake mwaka 2006. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala bila kusema neno.

Asubuhi hii tulimkuta jikoni akitia mizizi yake motoni. Alimshika mke mikono miwili. "Mwanangu, nimekunywesha uchungu usiokuwa wako. Unisamehe." Wote watatu tulilia. Ilipofika saa 2, mama ndiye aliyetukumbusha dawa.

Majibu tutayapata baada ya wiki 2 hivi. Huenda yakawa ya furaha, huenda tukarudi mikono mitupu. Kupandikizwa si kushika mimba. Ila tukirudi, tutapitia hapa Iringa, wala hakuna atakayelaumiwa kwa uongo. Wapendwa, kama katika nyumba yenu yuko mmoja anayebeba lawama ya mwingine, msingoje daktari awalazimishe kusema. Mtuombee.