Kilichoonwa na Kinachodhaniwa

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba mimi, mtunzi wa mashairi niliyejisomesha mwenyewe, huwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu namna ya kupanga ripoti za utafiti wa jiografia. Sababu yake ni nyepesi. Mwanafunzi wa kisiwani humhoji mkulima kwa Kiswahili, kisha hutakiwa kuandika kwa Kiingereza. Na baina ya lugha mbili hizo mengi huzama. Mfasiri huitwa aje kuyaopoa.

Aghalabu wanafunzi huudhani mpangilio wa ripoti kuwa ni ada ya mtihani tu: utangulizi, swali la utafiti, eneo, njia za kukusanya taarifa, matokeo, mjadala, hitimisho. Kwangu mimi ni kama vina na mizani. Humlazimisha msemaji apime kila neno kabla ya kulitoa.

Mwaka mmoja binti wa pwani ya mashariki ya Unguja alichagua kuandika juu ya ukulima wa mwani, ulioanza kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao wengi waufanyao ni wanawake. Katika ukurasa wa kwanza alikwisha kuhukumu: mavuno yamepungua kwa kuwa wakulima hawana elimu.

"Mwanangu, maneno haya umeyapata wapi?"

"Kitabuni, maalim."

"Na mama yako hufanya kazi gani?"

Akainamisha uso. Mama yake alikuwa mkulima wa mwani.

Sikumwambia ayafute. Nilimwambia ayahamishie kwenye mjadala, kwani huko ndiko hukumu inakokaa, kisha akajaze kwanza sehemu ya matokeo. Akashuka pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Akapima joto la maji, akahesabu kamba na vijiti, akawauliza kina mama mmoja mmoja. Wakamweleza kwamba kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, hauhimili maji ya kina kifupi yanapopata joto wakati wa kaskazi: matawi hugeuka meupe, yakakatika. Spinosamu hustahimili zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Walijua pia kwamba maji ya kina kirefu yangefaa. Ila huko huhitajika chombo, na wengi wao hawajui kuogelea.

Alipoufikia mjadala, ile hukumu yake ya kwanza haikupata pa kushika. Aliifuta kwa mkono wake, akaandika kwamba wakulima wanakijua chanzo cha hasara yao, na wanachokosa ni nyenzo.

Ndiyo maana nashikilia kwamba matokeo yatangulie na mjadala ufuate. Kijana akizoea kuhukumu kabla ya kutazama, atawaandika watu wake kama walivyoandikwa na wageni, na huenda asitambue kwamba anayemwita mjinga ni mama aliyemlipia ada.