Korongo Hawasafiri na Wake Zao

Mimi nilitaka Zanzibar. Mume wangu akalipia Ngorongoro, tena Machi, mvua zimeanza! "Msimu huu bei iko chini," akasema. Nikanyamaza. Siku zile tulikuwa tunanyamaziana sana: yeye amepata kazi Mwanza, yangu iko Dar na siiachi.

Simba tuliwaona, sawa. Lakini chini kule kreta, kwenye majani mabichi, kulikuwa na mamia ya korongo weupe, midomo na miguu myekundu, wanatembea polepole wakiokota panzi. Nikadhani ni wa hapahapa. Dereva wetu akacheka.

"Hawa wageni, dada. Wanatoka Ulaya, wanafuata wadudu wa mvua, halafu wanarudi kwao kuzaa."

Eti bahari hawaiwezi, kwa sababu wanabebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Kwa hiyo Mediterania wanaizunguka kupitia Uturuki, Israeli na Misri. Maelfu ya kilomita!

"Wanasafiri na wake zao?" mume wangu akauliza. Jamani!

"Hapana, kaka. Kila mmoja kivyake. Wanakutana kwenye kiota, na mara nyingi dume ndiye anayetangulia."

"Na jike akichelewa?" nikadakia.

"Dume anaweza kumpokea mwingine. Wanachoshikilia ni kiota."

Hakuna aliyecheka. Usiku, mvua ikipiga paa, ndipo tukaanza kuongea: wikiendi zipi, nauli ya nani, nyumba ipi ndiyo kiota. Tulibishana mpaka saa nane. Hilo la nyumba bado hatujalimaliza.