Si Kila Kitu Kiko kwa Damu

Tulipomzika mjomba kule Bomet, shangazi mmoja alisema hii kitu iko kwa damu yetu. Saratani ya umio. Binamu yangu wa miaka 16 akanivuta kando: "Kwa hivyo mimi ndio nafuata?"

Nilisoma biolojia kidogo kabla niache chuo, na familia hunichukulia kama daktari. Sikuwa na jibu. Darasani tulikariri tu: DNA inanakiliwa kuwa RNA, RNA inasomwa, protini inatoka. Kwisha.

Maze, kumbe hapo katikati kuna mkono. Kuna kimeng'enya kinaitwa ADAR1. Kinashika RNA, kinageuza herufi A kuwa I, na mashine ya kutengeneza protini inaisoma hiyo I kama G. DNA yenyewe haijaguswa. Ni kama mathe amtume ndugu yako mdogo akuambie upike kuku, halafu yeye akufikie na "mathe amesema uzike kuku." Mathe hakukosea.

Kawaida hiyo kazi inatusaidia, kwa sababu inazuia kinga ya mwili kudhani RNA yetu wenyewe ni virusi. Shida ni ikizidi. Mwaka wa 2013, watafiti wa saratani ya ini walionyesha kwamba ujumbe wa jeni ya AZIN1 huhaririwa kupita kiasi ndani ya uvimbe. Nafasi ya 367, serini inageuka glisini. Tofauti ni hiyo moja tu! Lakini protini hiyo mpya inang'ang'ania zaidi antizaimu, ile ambayo kazi yake ni kupeleka protini za ukuaji zikavunjwe. Ni kama breki imeshikwa. Seli zinazidi kugawanyika. Na kwa sababu nakala zingine hazihaririwi, jeni moja inatoa protini mbili.

Baadaye uhariri huohuo wa AZIN1 ukaonekana kwa saratani ya umio. Hapo niliweka simu chini kwanza.

Nilimpigia binamu. Sikumwambia yuko salama, maana kuna makosa ya DNA ambayo hurithiwa kweli, na uvimbe mwingi una DNA iliyoharibika pia. Nilimwambia tu kwamba herufi iliyogeuzwa kwa RNA ndani ya uvimbe wa mtu haimfikii mpwa wake. Akanyamaza. Halafu akaniuliza kama naweza kumweleza shangazi hivyo hivyo.

Bado sijampigia.